Gumba la Kinyozi

Mbele ya kibanda cha kinyozi pana benchi la mbao lililolalia upande mmoja, na kila asubuhi kabla kazi hazijachanganya tunakaa pale. Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli. Yupo Waya, fundi umeme, ambaye hakuna jambo asilolijua. Yupo Pindo, fundi cherehani, ambaye kazi yake kubwa ni kumbishia Waya. Mama Kahawa anamimina, sisi tunapiga domo. Mwenye kibanda, Kinyozi, alikuwa hajakaa nasi tangu kioo kikubwa cha ukutani kilipochomoka, naye kwa haraka akakidaka kwa mkono wa kulia. Kilimkata kwenye kifundo cha mkono, kikazama ndani. Dada yake akashika mashine za kunyolea, kibanda kikaendelea. Sasa siku hiyo tukamwona mwenyewe anakuja taratibu, akaketi, akaulaza mkono juu ya goti kama mtu aliyebeba yai.

— Mama, nimiminie.

Mama Kahawa akajaza kikombe nusu, akamshikisha mkono wa kushoto. Sote tulijua kwa nini. Siku za mwanzo baada ya kufunguliwa bandeji alishika birika la moto nyumbani kwake kwa mkono wa kulia, akasimama nalo anapiga soga, mpaka mkewe aliposikia harufu ya ngozi inaungua. Yeye hana habari.

— Lakini limefunga, bwana, Pindo akasema, akiinamia lile kovu. Mshono safi. Mimi mwenyewe ningemsifu aliyeupiga.

— Ngozi ndiyo iliyonidanganya, Pindo. Ilifunga mapema, nikajiona nimepona. Daktari akaniambia: hiyo ni aina moja, bado tatu.

— Tatu za nini? Waya akadakia.

— Za tishu. Mwili mzima, utosini mpaka unyayoni, umejengwa kwa aina nne.

— Nne! Pindo akaweka kikombe chini. Wee, mimi suti moja tu ina kitambaa, bitana, pamba ya mabega, uzi na vifungo. Nimeshapita nne. Na suti haili wala haikohoi.

— Nne za msingi, ndugu yangu. Kuna ya kufunika: ngozi hii, na ndani pia, mdomoni, kooni, tumboni, kote kumetandikwa. Kuna ya kuunganisha: mifupa, kano, mafuta, damu...

— Simama hapo hapo! Waya akainua kidole. Damu inaunganisha nini? Damu inamwagika!

— Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, chakula kipo tumboni, kidole kipo huku. Nani anavikutanisha?

 Lakini Waya hashindwi moja kwa moja.

— Sawa. Basi mtu ni nyumba. Kuta, mabomba, na umeme ndani. Ndiyo maana ukikasirika macho yanawaka.

— Mtu ni nguo, Pindo akasema. Akizeeka anakunjamana, na pasi hakuna.

— Nguo inatembea? Nakwambia, ukijua pa kumchomeka mtu, anawasha redio!

— Uchomolewe wewe kwanza, Mama Kahawa akasema, tupate utulivu.

Tukacheka. Kinyozi naye akacheka, ila hakuuondolea mkono macho.

— Ya tatu ni misuli, akasema. Ya mkono unaituma, inakwenda. Ya moyo, je? Nani kati yetu aliwahi kuutuma?

 Nikajikuta nimeweka kiganja kifuani, chini ya aproni, na mle ndani jamaa anapiga kazi. Usiku nimelala, yeye anapiga. Miaka yote hii, sijawahi hata kumwambia ahsante.

— Na ya nne? nikauliza.

— Neva. Hiyo ndiyo iliyonitesa. Kano walizishona, zikashika. Vidole vinakunja, mnaviona. Lakini neva ikikatika, hata wakiiunga, kipande cha mbele kinakufa. Inabidi iote upya kutoka kwenye kovu mpaka ncha za vidole. Mwezi mzima inakwenda urefu wa kipingili kimoja cha kidole. Tena daktari hakuniahidi. Alisema huenda ikafika, huenda isifike.

Waya alikuwa ameacha kunywa.

— Rudia hapo. Iliyokatika inaota yenyewe?

— Yenyewe.

— Mimi nimezeekea kwenye nyaya, Waya akasema, sauti imepungua. Nimeunga mamia. Sijaona hata mmoja ulioota.

Kinyozi akapumua.

— Jamani, mimi nilishakata tamaa. Nitamwekaje mtu wembe kooni kwa mkono usiojua unachogusa? Juzi nimemwambia dada, kibanda chukua wewe, mimi nitatafuta kazi nyingine. Alilia. Sasa leo asubuhi namnawisha baba uso. Mnajua mzee haoni tena, namnawisha kila siku. Mkono huu nimeushikiza shavuni kwake ili asiyumbe. Nikasikia kitu kinanichoma-choma kwenye gumba, kama sisimizi. Nikatazama, hamna sisimizi. Ni ndevu za baba.

 Kisha Pindo, ambaye hakubali jambo asilolipima, akachomoa uzi mmoja kwenye ukosi wake.

— Fumba macho.

— Usichungulie, Waya akaongeza.

Kinyozi akafumba, kiganja juu. Pindo akaushusha uzi kwenye kidole cha shahada, akauburuta. Kinyozi kimya. Akapeleka cha kati. Kimya. Mama Kahawa alikuwa ameshika birika hewani, amesahau kulishusha. Pindo akahamia kwenye gumba, akauacha uzi uguse tu, hata sidhani uligusa.

— Hapo.

— Hapo wapi?

— Gumba. Chepesi. Kinatambaa kwenda ndani.

Na kweli, Pindo alikuwa anauvuta kwenda ndani. Waya akavua kofia. Mimi vinyweleo vya mkono vilinisimama vyote. Kinyozi alipofumbua macho akaviona, maana huyu huona nywele kabla ya mtu.

— Unaona, Soli? Kila unywele una kimsuli chake. Navyo hukuvituma.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja mjamzito, mwenye mimba kubwa. Hatukumjua. Mumewe alikuwa ndani ananyolewa, naye alikuwa amekaa muda wote anakunywa maji na kusikiliza.

— Samahanini kaka zangu, akasema. Huo uzi wa ndani, hiyo neva, unaota gizani, ukajua gumba liko wapi. Unajuaje njia?

— Rahisi, Waya akasema, amerudiwa na nguvu. Ule wa zamani ukifa, ganda lake linabaki kama bomba tupu. Mpya unapita mle mle. Siyo, Kinyozi?

— Ndivyo daktari alivyosema. Unafuata njia ya zamani.

Yule dada akaitikia kwa kichwa, akafikiri. Akaweka mkono tumboni.

— Huyu wangu hana ya zamani, akasema. Alianza kama tone. Sasa ana vidole, juzi nimeonyeshwa kwenye picha. Mara ya kwanza kabisa, kabla hakujawa na njia, nani alimwonyesha?

Tukamtazama Waya. Waya akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama gumba lake. Pindo akamgeukia Mama Kahawa.

— Mama, wewe umezaa watano. Mwambie basi.

Mama Kahawa akashusha birika polepole.

— Niliwabeba, mwanangu. Nikawa napika, nafua, nagombana na baba yao. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Yule dada akashtuka kidogo, akacheka.

— Anacheza, akasema. Sasa hivi.

Nasi tukakaa pale, watu wazima, mafundi wenye kazi zinazotungoja, tunalitazama gauni lake likiinuka na kushuka, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua kikombe.