Mama Pole wa Magari Mapya

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuuza magari mapya katika ukumbi wetu, Mama Pole anastaafu. Jina lake halisi limeandikwa kwenye mlango wa ofisi yake, lakini nani analisoma?

Hilo la Mama Pole alijipatia mwenyewe. Mteja akiuliza kwa nini bei imepanda tena, sisi wengine tulijificha nyuma ya vipeperushi. Yeye alimshika mkono, akamzungusha gari lote. Akigonga boneti: ushuru wa forodha umepandishwa, pole. Akiinama kwenye bomba la moshi: kichujio hiki serikali imekilazimisha, nacho kimelipiwa ushuru wake, pole. Ikija kodi ya mauzo, inayotozwa juu ya ushuru wenyewe, pole zilikuwa mbili. Wateja walicheka huku roho zikiwauma, na wengi walinunua. Wengine aliwashauri wakatengeneze magari yao ya zamani, meneja akanuna mpaka jioni.

Mifuko ya hewa, ile inayofutuka kumkinga dereva gari linapogonga, nayo ilikuwa na pole yake. Sheria ilipotaka kila gari jipya liwe nayo, bei ikaruka, naye akaona ni uonevu mtupu. Wakati huo nyumbani walikuwa wakitafuta gari. Akamwambia mumewe, shemeji yetu, wachukue lile la mwisho la toleo la zamani, la bei nafuu, lisilo na mbwembwe za serikali. Shemeji, mwalimu wa michezo na mbishi wa kuzaliwa, akang'ang'ania jipya kwa sababu tu alipenda rangi yake. Waligombana hapa hapa ukumbini, nasi tukijifanya tunafuta vioo. Shemeji akashinda.

Mwaka haukuisha, lori lililofeli breki likamgonga shemeji uso kwa uso akiendesha gari hilo jipya. Mama Pole alipigiwa simu akiwa na mteja. Alikwenda hospitali akiamini amekuwa mjane. Alimkuta shemeji amekaa kitandani, bega limefungwa, uso mweupe kwa unga wa ule mfuko, analalamika rangi ya gari lake imeharibika. Jamani, alilia huyo mama mpaka wauguzi wakaja kumbembeleza yeye.

Tangu hapo, akifika kwenye mifuko ya hewa hasemi pole. Hupapasa usukani, akaendelea mbele. Ushuru ameulaumu mpaka leo. Anasema haujawahi kumrudishia mtu mume wake.

Nusu ya wauzaji wa hapa tumepita mikononi mwake, mimi nikiwamo. Asante, Mama. Tutakukosa, tena sana, hatukufichi.

Shemeji alistaafu kabla yake, na kila mchana hupiga simu ofisini kuuliza chumvi iko wapi. Anajua ilipo, nasi sote tunajua kwamba anajua. Nenda ukale naye, Mama. Mungu awazeeshe pamoja, kwa afya na vicheko. Kuanzia Jumatatu, simu ya mchana haitalia tena.