Upanga wa Kukatia Kuni

Benchi letu liko mbele ya duka la baiskeli hapa Hesselo, mji wetu mdogo wa mpakani, linatazamana na pampu ya zamani ya mji, na tangu enzi za baba zetu linaitwa Benchi la Waongo. Sisi hatukatai. Kila siku saa nne asubuhi tunakaa watu wanne. Yuko Berend, ambaye ni Jenerali kwa sababu alikuwa karani wa bima na hajawahi kumwamrisha mtu, ila mbwa wake tu. Yuko Arend, Profesa, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na kusoma vitabu vyake vyote akisubiri watoto watoke darasani. Yuko Dieks, fundi bomba mstaafu, ambaye husema neno moja kwa wiki. Na mimi ni Hent, fundi wa kutandika vigae, jina la kijiwe Kigae. Kahawa ni ya chupa ya Jenerali. Kila mtu anapata biskuti moja, kisha kopo linafungwa, na atakayeomba ya pili atasemwa mpaka Krismasi.

Jumatano hiyo nilifika kichwa kimevimba kwa fahari, wala sioni aibu kusema. Kila baada ya miaka miwili Hesselo inarudi mwaka 1627 kwa maigizo: jeshi la Mwanamfalme linauzingira mji ulioshikwa na Wahispania, mizinga inanguruma siku mbili, mji unasalimu amri, na Wajerumani wanavuka mpaka kuja kupiga picha soksi zetu. Soksi tumezifuma wenyewe. Mashati tumeyashona kwa mkono, hata mishono ya ndani ambayo hakuna atakayeiona. Mimi kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mvuta mzinga, tope mpaka magotini, na magoti yenyewe ni ya fundi vigae. Mwaka huu wamenipandisha: askari wa bunduki, safu ya mbele. Bunduki inatolewa na kikosi, lakini upanga unajitafutia mwenyewe. Ukaguzi ulikuwa Jumamosi, na mimi upanga sina.

Ukaguzi wa Kapteni Willemien si wa mchezo. Siku nyingine zote ni daktari wa ng'ombe, na mikono yake ni ya kazi hiyo. Anachomoa upanga wako, anaupinda kwenye gurudumu la mkokoteni aone kama utarudi sawa, anapitisha kidole gumba kwenye makali, ambayo lazima yawe butu na manene kama sarafu. Kisha anauliza: umeutoa wapi? Hapo unajibu kama mtu wa 1627. Sisi sote, mwaka nenda mwaka rudi, tunajibu kwamba tulimnyang'anya Mhispania. Akikukataa unaandamana nyuma na mizigo, pamoja na masufuria.

— Chukua mwembamba mrefu, Jenerali alianza. Wenye vyuma vya kusokotwa kuzunguka mkono. Kama wangu.

— Wako una bei ya pikipiki, nikamwambia.

— Heshima inagharimu, Kigae. Umeona picha zilizoko ukumbi wa mji? Kuna hata mmoja pale ana upanga wa bei rahisi?

Profesa alisafisha koo. Kwake jambo lilikuwa jepesi: ninunue ule wa pambo, wa kutundika ukutani, unaletwa na posta kwa bei ya viatu, halafu niuloweke kwenye siki usiku mmoja utoke umezeeka. Jenerali akamkumbusha habari za yule jamaa wa mtaa wa mfereji, aliyefanya hivyo hivyo. Ubapa ulikuwa umeshikizwa kwenye mpini kwa kijichuma chembamba kama msumari. Alipoupunga mara ya kwanza ulichomoka, ukaruka juu ya safu tatu za askari na kutua kwenye supu ya dengu ya kambini.

— Basi achukue wa babu yake, Profesa akasema. Ule wa wapanda farasi, uko darini kwake.

— Ule ni wa miaka mia mbili baadaye! Jenerali akapaza sauti.

— Si anaisaga tu namba ya kiwandani ifutike? Chuma ni chuma. Chuma hakijui mwaka.

Nilipokataa, Profesa akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. Wahispania walipoondoka mji huu, alisema, walipita daraja la mashariki wakiwa na hasira. Mtu mwenye hasira hutupa vitu. Kwa hiyo handaki la maji linalozunguka mji limejaa panga halisi, za bure, na kinachohitajika ni sumaku kubwa na kamba.

— Tulishavuta sumaku pale, Jenerali akasema. Tulipata baiskeli kumi na moja.

— Kwa sababu baiskeli ziko juu. Panga ziko chini ya baiskeli.

Walibishana kuhusu tabaka za baiskeli mpaka kahawa ikafika nusu. Dieks alitazama pampu. Nyonga yake walimbadilishia majira ya kuchipua, na mwaka huu, baada ya miaka ishirini na miwili, hataandamana. Hakuna aliyemuuliza maoni. Upanga wa Dieks ulikuwa kichekesho cha kikosi kizima: mfupi, mpana, mpini wa mti mtupu, umejaa mapengo kwa sababu kila asubuhi kambini alikuwa akichanjia kuni za moto wa kahawa. Jina la kisu cha kuni nililitunga mimi. Kila maigizo nilikuwa nalirudia, na kila mara watu walicheka.

Hapo ndipo alipokuja Roelien, aliyehamia hivi karibuni nyumba ya pembeni. Sisi majirani wa karibu tulimpokea kwa desturi, tukampambia mlango na kumnywea kahawa yake, na sasa ilikuwa zamu yake kututembelea. Tulimsogezea nafasi, Jenerali akampa biskuti, na nikamweleza shida yangu yote. Alisikiliza vizuri huku akitafuna.

— Na huyu askari wako, akauliza, kwao anafanya kazi gani?

— Askari gani?

— Huyo wa 1627. Wewe. Siwezi kujua atakuwa na upanga gani kama sijui ni nani.

Miaka kumi na miwili navaa soksi za mtu, na sijawahi kujiuliza huyo mtu ni nani. Tulikuwa tunamchagulia upanga bwana mkubwa wa kwenye picha, na mimi sijawahi kuwa bwana mkubwa hata siku moja. Baba yangu alitandika vigae. Babu yangu alichoma matofali. Mtu wa ukoo wetu, mwaka 1627, angepewa chuma cha bei rahisi kuliko vyote vilivyokuwepo, kisha angefanya nacho nini? Angechanjia kuni.

Jioni nilibisha hodi kwa Dieks. Alinikalisha jikoni, akaniacha nianze mwenyewe, mzee yule, na aibu imenifika masikioni.

— Dieks, nakuomba upanga wako.

— Upi?

— Unaujua.

— Sema jina lake.

Nikasema. Kile kisu cha kuni. Sijawahi kumeza maneno yangu yakiwa na ladha mbaya vile. Aliinuka, akaenda kibandani akichechemea, akarudi nao umefungwa kwenye gunia lenye mafuta. Bure hakutaka kunipa, na bure nisingeuchukua. Tukakubaliana nitamtandikia vigae chumba cha kufulia, na kesho yake nilianza.

Jumamosi, mbele ya pampu, Willemien aliupinda upanga wa Jenerali na kumuuliza ameutoa wapi.

— Nimemnyang'anya Mhispania.

— Wewe ni wa ishirini na tisa kusema hivyo leo, alisema Willemien. Huyo Mhispania alikuwa na mikono mingapi?

Kisha akaja kwangu. Aliuchomoa, akaupinda, ukarudi sawa. Kidole gumba kikapita kwenye mapengo, kimoja kimoja.

— Umeutoa wapi?

— Umenipa wewe, Kapteni, nikasema. Ukakata bei yake kwenye mshahara wangu. Mimi ni Hent, mjukuu wa mchoma matofali.

— Na haya mapengo?

— Kuni za kambi. Adui bado hajanifikia.

Halafu aliurudisha alani kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine, akasema, safu ya mbele. Dieks alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, amesikia kila neno. Nilijivuna kuliko siku niliyopandishwa, na nilijivunia zaidi yeye.

Jumatatu saa nne tulikuwa benchini kama kawaida. Jenerali alimimina kahawa, akagawa biskuti moja moja, akafunga kopo. Tukanywa. Kisha akalifungua tena, akalisogeza mbele ya Dieks na kutazama pembeni.

Dieks alichukua ya pili. Hakuna aliyemsema, hata Profesa.