Alivyopotea Karai

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda changu cha kunyolea, juu kidogo ya kijito. Zamani maji yale yalikuwa yanaonyesha mawe ya chini. Tangu watu waanze kufukua kingo kutafuta dhahabu, yamekuwa tope tupu. Rafiki yetu Karai alikuwa mmoja wao. Tulimwita hivyo kwa sababu ya karai alilooshea mchanga. Juma lililopita mvua ilinyesha, ukingo ukamporomokea akiwa peke yake shimoni. Tulifukua mpaka mikono ikachubuka, tukaambulia kandambili yake moja.

— Karai kapata jiwe, kasepa, alisema Fundi Saa. Saa hizi anakula kuku kwa mrija. Mwenda pole hajikwai!

— Si mwenda mbio huyo? nikamuuliza.

— Ndiyo maana hakuna aliyemwona akijikwaa.

Mama Kahawa akamimina kikombe kingine.

— Akimbie na mguu mmoja peku?

— Tajiri ana shida gani na kandambili, mama?

Chuma, muuza vyuma chakavu, akatikisa kichwa.

— Hamjui kitu. Chini ya mto kuna pango, linatokea ng'ambo ya mlima. Karai yumo humo, anaokota dhahabu kama kokoto. Atatoka na ndevu za magotini. Mvumilivu hula mbivu.

— Atakula mbivu gani gizani humo? Mama Kahawa akauliza.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunaongea tu, ili asipatikane wa kulisema lile neno lenyewe.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, vumbi mpaka magotini, kapakata kifurushi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nimesikia kuna mchimbaji kafukiwa hapa. Kaka yangu aliondoka nyumbani zamani, akafuata dhahabu. Huyo wenu alikuwa nani?

— Karai, dada, alisema Chuma.

— Hilo mmempa nyinyi. Alilopewa na mama yake?

Tukatazamana. Tulijua hanywi kahawa bila tangawizi. Tulijua goti lake huuma mawingu yakikusanyika, na kwamba akishinda bao huimba. Miaka yote ile tulikuwa tunabanana naye bega kwa bega. Jina, hakuna aliyekuwa nalo.

Fundi Saa akainamisha kichwa.

— Tusamehe, dada.

Aliteremka mtoni peke yake, akasimama penye udongo mbichi, akaanza kuita. Lilikuwa jina zuri. Hatukuwahi kulisikia.