Ubao wa Mama Milimita

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama bado uko shambani, simama. Magugu hayaendi popote.

Leo tunamkumbuka Rosaline Nyaguthii. Rosaline Nyaguthii wa Kibomet, hapa Kitale. Mkulima. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na moja. Akazikwa Jumamosi, shambani kwake. Wengi wenu hilo jina hamlijui. Lakini nikisema Mama Milimita, najua kuna mtu huko Kipsongo ametikisa kichwa. Eeh. Ni yeye.

Mama Milimita alikuwa anapima mvua. Kila asubuhi, saa tatu kamili. Miaka kumi na sita bila kuruka siku. Narudia: miaka kumi na sita, bila kuruka hata siku moja. Hata alipolazwa hospitali alimpigia jirani yake simu kutoka wodini. Jirani huyo anaitwa Kipkemei.

"Mama ako na dripu kwa mkono," Kipkemei ananiambia, "na ananiuliza kama nimesoma kipimo. Mimi niko kwa lango la hospitali na uji wake. Ikabidi nigeuze pikipiki."

Siku ya kwanza kuruka ilikuja yeye akiwa mochari. Hapo ndipo nataka tufike. Lakini twende pole pole.

Mambo yalianza mwaka wa 2009. Rosaline alienda mafunzo ya kilimo ya wiki moja Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Akarudi na vitu vitatu: kipima mvua cha plastiki, daftari, na rafiki. Rafiki ni Agneta, mkulima wa Bungoma. Walilala vitanda vya kukaribiana.

"Siku ya kurudi nyumbani akaniambia, dada, tubadilishane mvua," Agneta anasema. "Nikamwambia, wewe, mvua inabadilishwa kama sahani? Akasema ndiyo. Kila Jumapili, baada ya kanisa, unanitumia yako, nakutumia yangu. Nikadhani ni mchezo."

Haukuwa mchezo. Lakini pia haikuwa shida. Shida ilikuja na ubao.

Kuna chekechea ilikuwa inafungwa pale Kibomet. Rosaline akaomba ubao wao mweusi, akaufunga kwa lango lake. Upande wa nje. Upande wa nje, wasikilizaji, si ndani. Akachora safu tano. Tarehe. Mvua. Mbegu. Magunia kwa ekari. Na ya tano akaandika KOSA. Mtu yeyote angeweza kusimama, asome, anakili, apige picha na simu. Bure.

Sasa nyinyi mnajua watu wa mahindi. Mtu wa Trans-Nzoia atakuambia mahali alifanyiwa operesheni na atapandisha shati uone kovu. Lakini muulize alivuna magunia mangapi. "Tulipata tu kidogo." Akivuna arobaini, ni kidogo. Akivuna manne, ni kidogo. Ukitaja mengi, mashemeji wanakuja na gunia tupu chini ya kwapa. Ukitaja machache, unachekwa. Kwa hivyo hakuna anayejua jirani yake alifanya nini ndio akapata, ama alifanya nini ndio akakosa.

Rosaline akaandika kwa chaki, herufi kubwa: magunia kumi na moja. Machache hayo. Na kwa safu ya kosa: "Nilichelewa kuweka mbolea ya pili."

Bwana yake ni Mzee Nderitu. Mzee Nderitu ni mtu mpole, haongei sana. Siku hiyo aliongea.

"Mama Nyaruai, umetuanika nje kama nguo za ndani."

"Si ndio zikauke, Baba Nyaruai?"

Kila jioni mzee akaanza kutoka kuangalia kama lango limefungwa vizuri. Akirudi, safu ya magunia imefutika. Asubuhi Rosaline anaandika tena. Jioni, lango. Asubuhi, chaki. Msimu mzima. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Nyaruai ni binti yao. Anasema, "Sisi wote tulijua. Koti ya baba ilikuwa na kiwiko cheupe. Mama alikuwa anaipiga brashi Jumamosi, anamvalisha Jumapili, wanaenda kanisani wameshikana mikono. Ati hakuna mtu amefuta kitu."

Sasa tufike 2016. Mwezi wa tatu, mvua ikanyesha siku mbili. Mvua ya nguvu. Rosaline akaandika kwa ubao: "Mimi napanda leo." Watu tisa wakasoma, watu tisa wakapanda. Kisha jua. Wiki tatu za jua. Mbegu ikaota, ikaangalia juu, ikakauka. Kipkemei alikuwa mmoja wa hao tisa. Akafika kwa lango.

"Mama, si ni wewe uliandika? Nimepanda ekari mbili juu ya chaki yako, bana!"

Rosaline akachukua chaki, akaandika mbele yake: "Nilipima mvua ya siku mbili nikaita msimu. Kosa ni langu. Rosaline."

"Nilikuwa nimekuja na hasira ya wiki nzima," Kipkemei anasema. "Sasa utamgombeza aje mtu amejigombeza mwenyewe, tena kwa herufi kubwa?"

Jioni hiyo, Mzee Nderitu akatoka kuangalia lango. Akafuta.

"Hapo sikuwa najificha mimi," ameniambia mzee. "Nilikuwa namsitiri. Ni bibi yangu."

Asubuhi Rosaline akaona. Hakugusa chaki. Aliingia stoo, akatoka na rangi ya mafuta iliyobaki wakati walipaka mlango wa choo. Rangi ya kijani. Akaandika maneno yale yale. Jaribu kufuta hiyo na kiwiko. Maneno yako hapo mpaka leo.

Kumbe Agneta pia alikuwa amepoteza mbegu mwaka huo. Wakakutana Bungoma, wakafungua madaftari ya miaka yote, wakaona mvua ya kwanza imewadanganya zaidi ya mara moja. Wakakubaliana kungoja kipimo kifike milimita arobaini ndani ya siku kumi kabla ya kupanda. Mwaka uliofuata, wale tisa wakangoja nao. Waliongezeka wakawa watu sitini.

Kuna mwalimu wa kilimo Bungoma anaitwa Hesbon. Yeye aliingiza madaftari yote kwa kompyuta, akaweka kwa mtandao. Hakuna neno la siri. Hakuna kulipa.

"Niliulizwa hizi data ni za nani," Hesbon anasema. "Nikampigia Rosaline. Akaniuliza, kwani mvua ilikuwa ya nani?"

Hesbon alitaka kuacha nje safu ya kosa. Kompyuta haikuwa na mahali pake. Rosaline akamwambia atengeneze mahali. Leo, Hesbon anasema, hiyo ndiyo watu wanafungua kwanza.

Basi Rosaline akafariki. Kipkemei akajitolea kusoma kipimo. Mzee Nderitu akakataa. "Hii nitasoma mwenyewe." Jumanne akasoma. Jumatano akasoma. Alhamisi asubuhi akasoma. Pia alitaka ubao utolewe kabla waombolezaji hawajafika. Nyaruai akakataa.

"Baba, wasifu utasomwa dakika ishirini na hautakuwa na kosa hata moja. Wacha basi kwa lango abaki mama mwenyewe."

Ubao ukabaki.

Alhamisi mchana, mvua kubwa ikanyesha. Ijumaa asubuhi mahema yanaletwa, na mzee anasafisha boma, wageni wanakuja. Akaona kipimo kina matope. Akamwaga maji. Akakiosha na sabuni. Akakirudisha kwa nguzo, kinang'aa.

Saa tatu kamili, Agneta akapiga simu kutoka Bungoma.

"Shemeji, pole tena. Najua si wakati, na Jumapili bado. Lakini yeye angeniuliza. Jana mlipata ngapi?"

Mzee akaangalia kipimo. Kisafi. Kitupu. Miaka kumi na sita.

"Ningesema ishirini," ameniambia. "Kipkemei alikuwa anabeba viti. Nyaruai alikuwa mochari. Nani angejua?"

Agneta anasema jibu la mzee lilikuwa maneno mawili. "Shemeji, nimemwaga."

Jumamosi tulipofika kuzika, tulipita kwa lango hilo. Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na chaki, mwandiko wa mtu hajazoea: "Alhamisi sijui. Niliosha kipimo kabla ya kusoma. Kosa ni langu. Nderitu." Niliangalia kiwiko cha koti yake. Hakikuwa na chaki. Chaki ilikuwa kwa vidole.

Kwa Mzee Nderitu, kwa Nyaruai, na kwa Agneta kule Bungoma: poleni sana. Kituo hiki kinaomboleza pamoja nanyi.

Na wewe msikilizaji, fikiria kitu kimoja tu. Kuna kosa ulifanya kwa shamba lako msimu uliopita, na unalijua. Jirani yako anajiandaa kulifanya msimu huu. Lango lako lina upande wa nje.

Jana saa tatu mzee alisoma. Chukueni kalamu. Kibomet, milimita nne. Bungoma, tisa. Alhamisi ya wiki iliyopita, Kibomet, hatujui.