Mainjinia wa Mama Placida: Miaka Ishirini na Minne Chuoni Bethania

Ijumaa, tarehe 18 Julai 2025, Bi. Placida Mallya, ambaye sote tunamwita Mama Placida, anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Kikristo cha Bethania, hapa Peckham, kwa miaka ishirini na minne. Jarida la chuo limeshamuaga kwa Kiingereza, kwa aya mbili na picha iliyomkata nusu ya kilemba. Sisi wenzake tunaozungumza Kiswahili tumeona hayatoshi. Kalamu nimepewa mimi, Godlisten, mkufunzi wa karakana, kwa kuwa ofisi yangu inapakana na yake na mengi nimeyasikia bila kuuliza.

Alianza mapokezi. Huko ndiko wanafunzi walikozoea kumpelekea shida ambazo hazikuwa za mapokezi, hadi chuo kikaamua kumpa ofisi ya kuwatafutia wahitimu ajira. Ilikuwa na meza moja na simu iliyokoroma. Aliifanya ofisi hiyo kuwa mahali ambapo mtu huingia amekata tamaa na kutoka amepewa kazi ya kufanya kabla ya kesho.

Bethania ni chuo cha namna yake. Anayesomea uhandisi hapa husoma pia theolojia, historia na falsafa, na hutoka akijua kupima uzito unaobebwa na daraja na kujadili haki ni kitu gani. Waajiri wengi hawakujua wamweke wapi mtu wa namna hiyo. Mama Placida hakuwasubiri wajue. Siku moja alikwenda kwenye karakana ya treni kuomba nafasi moja ya mafunzo kwa vitendo, akapotea njia humo ndani, akajikuta katika chumba ambamo wakubwa walikuwa wakikutana. Aliketi, akanywa chai yao, akasikiliza malalamiko yao kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika ripoti. Alitoka na nafasi tatu. Mpaka leo anashikilia kwamba alipotea kweli, na mpaka leo hakuna anayemwamini.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2019. Baraza la chuo lilitangaza kwamba idara ya uhandisi ingefungwa iwapo wahitimu wa mwaka ule hawangepata kazi za uhandisi kabla ya Krismasi. Baraza halikukosea kulalamika. Vijana wetu walikuwa na alama nzuri na waliitwa kwenye usaili, kisha wakaishia kulea wazee au kupanga mizigo ghalani. Hizo ni kazi za heshima, na wazazi wao wengi wamezifanya hapa London. Lakini wazazi hao hao ndio walioapa kwamba mtoto atafanya kazi aliyoisomea.

Mama Placida alimwomba Deepa, mhandisi wa maji na rafiki wa chuo, awape vijana usaili wa mazoezi, naye akaketi pembeni kusikiliza. Miradie, binti wa Kikongo aliyekuwa bora darasani, aliulizwa ametengeneza nini. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu, akawashukuru wenzake wa kundi na mama yake aliyemwombea. Muda ukaisha. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema alichokifanya, alijibu kwa utulivu, kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Mama, mi siwezi kujisifu. Ni Mungu njo alifanya, mi nilikuwa tu assistant."

Wote walikuwa hivyo. Wamelelewa wakiambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama Placida alitangaza kwamba London chema kisipojitembeza huozea stoo, akawaamuru wajisifu. Waligoma, tena kwa adabu, jambo ambalo ni gumu zaidi kupigana nalo.

Jumapili iliyofuata alimwona Miradie kanisani akitoa ushuhuda. Binti hakutetemeka. Alieleza alikuwa katika hali gani, nini kilimkwamisha, alichukua hatua gani na mambo yaliishaje, kisha akamshukuru Mungu na kuketi. Mama Placida, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakusikia neno hata moja la mahubiri siku ile.

Tangu hapo kila Jumatano mainjinia wetu walikusanyika karakanani kutoa ushuhuda wa mashine. Kila mmoja alisimama na kueleza kitu alichokiunda, kilivyoharibika, na mikono yake ilivyofanya kukirekebisha. Shukrani ziliruhusiwa, lakini mwishoni. Mchungaji Luc, mlezi wa kiroho wa chuo, alikuja kulalamika kwamba jambo takatifu limegeuzwa chombo cha kusakia kazi. Kupitia ukuta wa ofisi nilimsikia Mama Placida akimjibu: "Mchungaji, shahidi anayeficha alichokifanya si mnyenyekevu, ni shahidi mbaya." Wiki iliyofuata Mchungaji Luc aliketi kiti cha mbele.

Miradie alikwenda kwenye usaili wa kampuni ya lifti na kuwasimulia jinsi alivyofunga mota kwenye kiti cha magurudumu cha mzee mmoja wa kanisani, jinsi ilivyoungua kwa sababu alikadiria uzito vibaya, na jinsi alivyopiga hesabu upya hadi mzee akapanda mwinuko wa mlangoni bila kusukumwa. Walimchukua. Wenzake walifuata mmoja mmoja, hospitalini, kwenye reli, kwenye mitambo ya maji. Krismasi ilipofika, baraza lilikubali idara iendelee. Nilifurahi kama mtoto, maana na kazi yangu ilikuwa humo.

Kwa hayo yote, Mama Placida, asante. Asante kwa kila mlango uliougonga hadi ukafunguliwa na mtu aliyechoka kukusikia. Tutaukosa ukali wako, ila ukaguzi wako wa viatu vyetu kila asubuhi hatutaukosa.

Kuna tangazo moja. Sherehe ya kumuaga, iliyopangwa kuanza saa nane mchana, sasa itaanza saa kumi na moja jioni. Wahitimu wote wa mwaka huu wamepata kazi isipokuwa Adolphe, na Adolphe ameitwa kwenye usaili Ijumaa hiyo hiyo, saa nane, huko Kilburn. Tulimweleza Mama Placida kwamba keki imeshaagizwa na kwamba kijana ni mtu mzima, anaweza kupanda treni peke yake. Alitusikiliza vizuri hadi mwisho, kisha akauliza basi gani linafika Kilburn mapema zaidi.

Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya, Mama. Yataanza Adolphe akishatoka mle ndani.