Goti Halina Kosa

Pale Kadutu, mtaa wa mlimani juu ya ziwa, njia ya sokoni inapopinda pana benchi moja, birika la kahawa ya tangawizi na waganga ambao hakuna aliyewaita. Asubuhi hiyo mgonjwa wao alikuwa Adalbert, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyeumia goti alipoteleza kwenye matope. Roho yake ilikuwa juu juu. Kesho kiné, yule mama anayenyoosha viungo, angeamua kama atapanda moto tena, na mwenye moto alikuwa ameanza kuchoka kungoja.

— Kiné alinitembeza, akaniambia nichutame, niinue mikono yote, alisema Adalbert. Goti hakuigusa hata!

— Akasema nini? aliuliza Honoré, mwashi waliyembatiza Nivo, jina la kile kipimo cha kunyooshea ukuta.

— Eti goti haina kosa. Nisimame, nitembee, mwili yote inaendaka kushoto, toka kichwa mupaka miguu. Kesho nimuambie juu ya nini inaendaka vile.

Nivo akafumba jicho moja, akampima kama ukuta.

— Ni mulima! Mutu wa Kadutu anazaliwaka na muguu moja mufupi.

— Nyamaza, hata nyumba zako zinainama, alisema Jean-Claude, ambaye siku moja alipeleka kabichi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro akarudi Profesa. Adalbert, wazee walisema: kikulacho kiko mu nguo yako. Toa telefone mu mufuko!

Adalbert akaitoa, akatembea hadi kwa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akarudi.

— Bado, wakasema wote wawili.

— Basi ni ziwa, akasema Profesa. Iko na gazi ya kuwaka chini, inavutaka mifupa. Ziwa iko upande gani?

— Kushoto.

— Unaona!

— Na nikigeuka?

Profesa akanywa kahawa.

Hapo akafika Ghislaine, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, na termosi yake mkononi. Akamtazama Adalbert anavyokaa.

— Pardon, papa. Juu ya nini unakalaka na tako moja?

Kweli bwana! Tako la kulia tu ndilo lilikuwa kwenye benchi. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshafika barabarani, shingo nayo imegeukia huko huko.

— Nangojaka kliya, mutu wa kubeba, alisema Adalbert.

— Na moto iko wapi?

Nivo akasogea kumpa nafasi, Profesa naye akasogea. Adalbert akajivuta, akakaa na matako yote mawili.

Kule chini abiria akaita:

— Moto!

Kahawa ikamwagika. Adalbert alikuwa ameshasimama.