Kubwa Kama Mwezi

Treni ilipoondoka, fundi cherehani alisahau kusinzia, maana nesi aliyekaa mbele yake alikuwa akimwambia mchomelea vyuma asiyemjua: "Kaka, alfajiri hii donge la moto limepita juu ya wodi yetu. Kimyaa!" "Dada, donge la moto nalijua mimi. Mtungi wa gesi ulipolipuka, lilinila nyusi hizi. Lako ni kimondo tu." "Kwani kimondo si moto?"

Mchomeleaji, ambaye kwa sura angebishana hata na jua, akaguna. "Lilikuwa kubwa?" "Kama mwezi mpevu. Mgonjwa wangu, siku tisa hajatamka neno, aliinuka kitandani akasema, 'Nesi, tazama!'"

Fundi cherehani alichungulia dirishani. Treni ikasimama kituoni. Walishuka wote watatu wakitazama juu. "Hata hivyo," alinong'ona mchomeleaji, "moto una kelele."